Anayeita Msaada Asikamatwe

Mtu akianguka kutoka juu ya mti, majirani hupiga yowe, na kila mwenye miguu hukimbilia pale alipoangukia. Akianguka katika nyumba ya gongo, watu hukimbia vile vile, ila hukimbia kwenda zao. Mwenye nyumba huficha madumu. Wanywaji wenzake hutokomea vichochoroni. Naye aliyeanguka huburutwa hadi nje ya ua na kuegemezwa ukutani, ili kesho, watu wakisema amekufa, wasiweze kusema amefia kwa nani. Juma hili twataka kusema na wasomaji wetu juu ya mtu huyo wa ukutani, na zaidi juu ya wale waliomwacha; tena twasema kwanza na jamaa za Mbeya na Iringa, ambako baridi ya Juni na Julai haimhurumii mtu aliyelala nje.

Msomaji asidhani kwamba tumeanza kuutetea ulevi. Mama Kanisa hajabadili neno. Ulevi ni dhambi, nayo Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 yawahesabia hatia nzito wale wanaotengeneza na kuuza dawa za kulevya kwa siri. Wala hatukemei kila kikombe. Nani wa Iringa asiyeujua ulanzi? Masika yafikapo, machipukizi ya mianzi hukatwa ncha, utomvu wake mtamu hukingwa asubuhi na jioni. Ukinywewa siku ile ile ni kama togwa, ukilala siku moja au mbili wawa pombe kamili. Upande wa Mbeya wapo wenye kimpumu chao. Wazee waliketi, wakazungusha kikombe, wakamaliza mashauri ya mahari na ya mipaka ya mashamba. Vinywaji hivi vina hatari zake, na vimebomoa nyumba nyingi, lakini anayezidiwa navyo huzidiwa mbele za watu, na mtoto wa jirani hutumwa kumwita mkewe. Gongo ina mambo mengine. Hupikwa mafichoni kando ya vijito, hubebwa usiku, hunywewa mlango umefungwa. Na heroini, ambayo vijana huiita unga, imejificha zaidi ya gongo, nayo husafiri kwa barabara ile ile kuu ipitayo Iringa na Mbeya kwenda mpakani Tunduma.

Sheria haikulala. Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, maana moshi ndilo jina la gongo katika vitabu vya sheria, yakataza kuipika, kuiuza na hata kukutwa nayo bila leseni. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 yamwadhibu mwenye kuziuza, mwenye kuzitumia, na hata mwenye nyumba aliyeacha nyumba yake itumiwe kwa mambo hayo. Mwezi wa Machi 2017 pombe ya viroba nayo ikapigwa marufuku, na wazazi wengi wakashukuru, kwa maana watoto wa shule walikuwa wakiingia nayo darasani mfukoni mwa kaptura.

Twaziheshimu sheria hizo. Lakini zote ziliandikwa kwa kumtazama mpishi, mchuuzi na mtumiaji. Hakuna aliyemfikiria yule kijana anayesimama saa nane ya usiku katikati ya chumba, rafiki yake amelala chini, midomo imegeuka rangi, simu i mkononi mwake, naye afanya hesabu. Nikiita gari, polisi watafuata. Polisi wakifika, watakuta kete. Wakikuta kete, nami nitakwenda jela pamoja na mwenye kete. Afanya hesabu hiyo dakika tano, afanya dakika kumi, na wakati huo pumzi ya mwenzake inapungua.

Maana hapa dakika zina thamani kupita fedha. Mtu aliyekunywa kupita kiasi haponi kwa kulazwa tu. Pombe iliyo tumboni huendelea kuingia katika damu hata baada ya yeye kusinzia. Pumzi huwa chache, mwili hupoa, na akitapika amelala chali, matapishi humziba koo. Aliyezidiwa na heroini naye hufa kwa kukosa pumzi, na ilhali iko dawa iitwayo naloksoni ambayo humrudishia pumzi, madhali imewahi. Kilicho kibaya kuliko vyote ni gongo iliyochanganywa na spiriti ya viwandani yenye methanoli. Sumu hiyo ni ya hila. Mnywaji hulala, huamka, hudhani ni uchovu wa kawaida wa pombe. Kisha baada ya saa kumi na mbili, pengine ishirini na nne, huanza kuumwa tumbo, kuhema, na kuona mbele yake ukungu mweupe. Ukungu huo ni mwanzo wa upofu, na baada ya upofu ni kifo. Hata hapo waganga wana la kufanya: wanayo dawa ya kuizuia sumu isigeuke asidi mwilini, na mashine ya kusafisha damu katika hospitali kubwa. Lakini mganga hawezi kuitibu sumu asiyoambiwa. Mgonjwa akifika na jamaa wakaapa kwamba alikula kiporo tu, mganga atatibu kiporo.

Tuyakumbuke yaliyotokea Kabale, kusini-magharibi ya Uganda, mwezi wa Aprili 2010. Katika muda wa majuma machache walikufa watu zaidi ya 80 kwa waragi uliotiwa methanoli. Taarifa za siku zile zilieleza kwamba waganga walichelewa kutambua chanzo, kwa kuwa jamaa za marehemu hawakutaka kukiri kwamba ndugu zao walikuwa wamekunywa. Na maofisa walipopita nyumba kwa nyumba, waliwakuta wengine wamelala ndani, dhaifu, macho yamekwisha kupofuka, wala hakuna aliyewapeleka hospitali. Twaomba msomaji akae kidogo na picha hiyo. Hospitali ipo, mgonjwa yupo, jamaa wampendao wapo. Kati yao umesimama ukuta wa haya na hofu. Kenya nayo iliomboleza mwezi wa Mei 2014, walipokufa watu zaidi ya 80 katika sehemu za Embu, Kitui, Makueni na Kiambu; ikaomboleza tena mwezi wa Februari 2024 huko Kirinyaga, waliko kufa watu 17. Kila mara misako ilifuata, na madumu yakamwagwa mbele ya wapiga picha. Kumwaga madumu ni kazi halali ya Serikali. Hata hivyo dumu lililomwagwa Jumatatu halimponyi aliyekunywa Jumamosi akajificha Jumapili.

Basi Bwana wetu Yesu Kristu angesema nini? Wasomaji wanakumbuka jinsi Mafarisayo walivyomvizia siku ya Sabato, naye akawauliza ni nani kati yao ambaye, ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ile, asingemwopoa mara moja. Hawakupata jibu, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na ng'ombe. Sheria ya Sabato ilikuwa takatifu, imetolewa na Mungu mwenyewe, tena iliadhibiwa vikali. Lakini hakuna aliyengoja jua litue ndipo alete kamba. Na katika mfano wa Msamaria mwema, ambao sisi mapadre huusoma kwa haya kidogo, maana wa kwanza kupita kando alikuwa kuhani, yule Msamaria hakumwuliza majeruhi kwa nini alipita peke yake katika njia mbaya vile, wala alikuwa na nani, wala mkobani mlikuwa na nini. Alimfunga jeraha kwanza. Akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni, akalipa. Nasi twapenda kudhani kwamba mwenye nyumba ile naye hakudai karatasi ndipo afungue mlango.

Wako watakaotuambia kwamba Injili ni ya kanisani na sheria ni ya mahakamani. Hao twawapeleka kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye katika Summa yake aliijadili sheria kwa makini kuliko mawakili wengi. Afundisha kwamba sheria ya wanadamu haikuwekwa ili kuadhibu kila dhambi, bali hasa zile nzito zenye kuwadhuru wengine. Kisha atoa mfano wa mji uliozingirwa na maadui. Sheria yaamuru malango yote yafungwe, na ni amri njema. Lakini ikiwa baadhi ya wenyeji walio walinzi wa mji wanafukuzwa na adui, nao wamefika langoni, je, mlinzi awaache wachinjwe kwa sababu amri ni amri? Afungue, asema Mtakatifu Tomaso, kwa kuwa aliyeitunga amri ile alikusudia uhai wa mji. Sheria zetu za gongo na za dawa za kulevya zilitungwa kwa ajili ya uhai wa vijana wetu. Langoni amesimama mmoja wao, amembeba mwenzake mgongoni.

Mataifa mengine yamekwisha kuliona jambo hili. Jimbo la New Mexico huko Marekani lilitunga mwaka 2007 sheria ya kumlinda anayeita msaada kwa ajili ya mtu aliyezidiwa na dawa za kulevya, na leo karibu majimbo yote ya nchi ile yanayo sheria ya namna hiyo. Wao huziita sheria za Msamaria Mwema, jina walilolitoa katika Injili ya Luka, ingawa pengine baadhi ya wabunge wao hawajaifungua siku nyingi. Canada ilitunga ya kwake mwezi wa Mei 2017. Huko anayeita msaada, na aliyezidiwa, na wote walio mahali pale, hawashitakiwi kwa kosa la kukutwa na dawa kidogo za kutumia wenyewe. Mchuuzi hakusamehewa biashara yake, wala mwenye hati ya kukamatwa kwa kosa jingine hakufutiwa. Ni mlango mwembamba, uliofunguliwa kwa kadiri ya kumpitisha mgonjwa na mbebaji wake.

Twaomba mlango wa kadiri hiyo ufunguliwe kwetu. Mtu akimpeleka mwenzake hospitali, au akipiga simu kuomba gari, au akimweleza mwuguzi kwa kweli ni nini kilichonywewa au kuvutwa au kudungwa, yasemwe waziwazi katika sheria kwamba maneno yake hayo, na kile kilichokutwa kwa sababu ya wito wake, havitatumiwa kumshitaki kwa kunywa au kutumia. Je, na mama mwuza gongo? Hapa tumejadiliana, wala hatukukubaliana upesi. Yeye ndiye aliyeuza sumu, na wengine husema afungwe hata kama ameita gari. Mwishowe tumeona hivi: yeye peke yake ndiye ajuaye alichotia katika pipa na alikokinunua, na neno lake moja laweza kuwaokoa wanywaji ishirini waliokwisha kurudi makwao bila kujua. Neno hilo lisigeuzwe kamba ya shingo yake. Lakini aliyetia spiriti ya viwandani hali akijua, ili alipe faida yake kwa macho ya watu, huyo hatumwombei kinga ya namna yoyote. Ajibu mbele ya hakimu, na baadaye mbele ya Mungu.

Wengine watasema, mkiwakinga hivi mtawapa moyo walevi. Hoja hii twaisikia mara nyingi, na husemwa na watu wema. Twawauliza kwa upole: ni nani aliyewahi kunywa gongo kwa kutumaini kwamba usiku atabebwa hospitali hajitambui? Mnywaji hafikirii kuzidiwa. Wanaofikiri ni wale walio macho, na hao ndio hofu iwafukuzao. Tena Serikali yenyewe imekwisha kukubali kwamba mraibu ni mgonjwa. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwapa methadoni watu waliofungwa na heroini, na baadaye Mbeya nayo ikapata kliniki ya namna hiyo katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Mamia kwa mamia hufika katika kliniki hizo, wakanywa dawa mbele ya mwuguzi na kurudi kazini, wala hawangojewi getini na pingu. Ikiwa mtu huyo apokewa kwa heshima saa nne ya asubuhi, twataka apokewe hivyo na saa nane ya usiku.

Iko karatasi moja ambayo hatuwezi kuipita. Kila Mtanzania aijua PF3, ile fomu ya polisi. Ilitungwa kwa ajili ya majeraha na ushahidi wa mahakamani, na kwa kazi hiyo inafaa. Lakini watu wengi vijijini wameishika kama ni tiketi ya kuingilia wodini, na wapo watumishi wa hospitali wanaoifanya tiketi. Viongozi wa Serikali wamesema mara kadhaa kwamba mtu aliye hatarini atibiwe kwanza na karatasi ifuate. Hata hivyo mlevi aliyepasuka kichwa kwa kuanguka, na wenzake wakajua kwamba lazima wapitie kituoni kwanza huku wananuka gongo, atapelekwa na nani? Twawasihi waganga na wauguzi, na kwa namna ya pekee wale wa hospitali zetu za misioni, ambazo katika nyanda hizi zilijengwa kwa sadaka za maskini: mlango wa chumba cha dharura usiwe na swali la pili kabla ya pumzi ya mgonjwa kutazamwa. Siri ya mgonjwa ni amana. Si siri ya kitubio, twajua, lakini ni ndugu yake wa mbali.

Kwa wazazi tuna neno jingine. Miji ya Iringa na Mbeya siku hizi imejaa wanafunzi wa vyuo vikuu kutoka kila pembe ya nchi, watoto wa wasomaji wetu wa Kigoma, wa Moshi, wa Mtwara. Wengi ni wazuri, na wazuri pia hualikwa sherehe za kuzaliwa katika vyumba vya kupanga. Huko hofu si ya polisi peke yake. Mwanafunzi ahofia kufukuzwa chuo, ahofia kuandikiwa barua nyumbani, ahofia kikao cha ukoo kitakachomwuliza ada za baba yake zimekwenda wapi. Hofu hiyo huua kama ile ya polisi. Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani kiliweka mwaka 2002 kanuni kwamba mwanafunzi anayemwitia mwenzake mganga kwa sababu ya pombe hatapewa adhabu ya chuo kwa kunywa kwake. Wakuu wa vyuo vyetu hawahitaji kulingoja Bunge ili kufanya hivyo. Kikao kimoja cha baraza chatosha. Nanyi wazazi hamhitaji hata kikao. Mwambieni mwanao kabla hajapanda basi: siku ile mwenzako, au wewe mwenyewe, utakapozidiwa, piga simu, mpeleke hospitali, nami sitakuuliza neno mpaka amepona. Kisha mtimize ahadi hiyo, hata kama mtauma meno.

Sheria hutungwa polepole. Twawaomba wabunge wa mikoa yetu walichukue jambo hili Dodoma, na mawakili Wakatoliki, ambao si wachache, wawasaidie kuliandika. Lakini wakati tunaongoja, Jumamosi haingoji. Katika jumuiya ndogo ndogo viongozi wetu hupanga zamu za kumzuru mgonjwa na za kuchimba kaburi. Zamu ya gari haipo. Na ipangwe. Ijulikane katika kila mtaa ni nani mwenye pikipiki ya matairi matatu, ni nani mwenye pikapu, na kwamba akigongewa mlango usiku kwa ajili ya mlevi atatoka kama atokavyo kwa ajili ya mama mwenye uchungu. Kwa akina mama wajawazito Serikali imeweka utaratibu wa m-mama, mtu apiga 115, gari linatafutwa, hata la dereva wa kijijini, kumbe linawezekana.

Na wote wajue mambo haya machache. Aliyelewa akiitwa haitiki, akifinywa hashtuki, au pumzi yake ikikatika-katika, huyo si wa kuachiwa alale. Mlazeni ubavu, kichwa kimerudishwa nyuma kidogo na mdomo umeelekea chini ili matapishi yatoke. Mfunikeni blanketi, kwa maana pombe hupoteza joto la mwili ingawa mnywaji ajiona ana moto. Msimmwagie maji baridi. Msimpe maziwa, wala kahawa, wala ndimu, maana asiyejitambua hunywea mapafuni. Asiachwe peke yake hata kwa kitambo cha kutafuta viatu. Aliyekunywa jana na leo alalamikia macho, aende hospitali leo hii hata kama atembea kwa miguu yake, na wenzake wote waliokunywa katika pipa lile wafuatwe majumbani. Na mkimpeleka, chukueni chupa pamoja na kilichobaki ndani yake, mumkabidhi mganga mkononi.